Kwa nini marudio ya vipindi vya zamani vya muziki yananikaba koo kiasi hiki?

#1 Santuri Kuukuu (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Jana niliingia intaneti kutafuta wimbo mmoja tu, niusikilize nilale. Nikaangukia marudio ya Top of the Pops, kile kipindi cha chati za muziki cha runinga ya BBC ya Uingereza, ya mwaka 1976, yale yaliyorushwa upya na chaneli yao ya BBC Four. Nikasema nitazame dakika 5. Nilikuja kushtuka saa nane usiku, nimemaliza vipindi vinne mfululizo na macho yamelowa.

Kinachonisumbua ni hiki. Mwaka 1976 sikuwa nimezaliwa. Nusu ya nyimbo zile sikuwahi kuzisikia. Zile ninazozijua ninazo kwenye simu, tena sauti yake safi kuliko ya runinga ya miaka hiyo. Nikizisikiliza kwenye simu sipati kitu. Lakini nikimwona mtu anaimba kwenye kile kijukwaa chenye taa za rangirangi, vijana wamemzunguka wanayumbayumba, mmoja anageuka kutafuta kamera iko wapi, koo linabana.

Kuna binti mmoja amevaa blauzi ya njano, yuko nyuma ya mpiga besi. Wenzake wote wanacheza. Yeye amesimama, mikono ameikunja kifuani, anaimba kila neno. Kamera inampitia kama sekunde mbili, haimrudii tena. Nimerudisha nyuma mara sita ili nimtazame yeye.

Je, ni mimi tu? Na kama tuko wengi, ni nini hasa kinachotukamata: muziki, picha, au kitu kingine?

#2 Kigoda

Hauko peke yako. Nimevuta kiti, ngoja waje wajuzi.

#3 Mzee wa Chogo

Umenikumbusha mbali, kijana wangu. Nilikuwa mwanafunzi Uingereza kuanzia 1979 hadi 1982. Alhamisi jioni sebule ya bweni ilikuwa haina pa kukanyaga. TV yenyewe moja, chogo kubwa kama sanduku la nguo, na mwenzetu mmoja kazi yake ilikuwa kushika antena maana ukiiachia tu zinaingia chenga. Tulimbadilisha kila baada ya nyimbo mbili ili na yeye aone.

Jibu la swali lako lipo. Wataalamu wa kumbukumbu wamelipima jambo hili kwa miaka mingi: ukimwomba mtu mzima akueleze maisha yake, matukio mengi anayoyataja yanarundikana kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake. Ndipo nyimbo zinapoingia mwilini na kukaa. Mimi nikiona marudio ya 1980 naona sebule ile, nasikia harufu ya makoti yaliyolowa mvua. Mwimbaji ni mlango tu wa kunirudisha pale.

#4 Binti Kaseti

Mzee wa Chogo, shikamoo. Maelezo yako ni matamu, ila mleta mada amesema hakuwa amezaliwa. Huwezi kurudishwa mahali ambapo hukuwahi kufika. Kwa hiyo nadharia ya umri inakufaa wewe, yeye haimsaidii.

Mimi nina yangu. Redio na programu za simu zinatupa zilipendwa zilizochujwa. Mwaka mzima wa 1976 unabaki nyimbo 10, zilezile, kila siku. Marudio ya kipindi cha chati hayachuji. Yanakupa wiki nzima kama ilivyokuwa: kibao kikali, kinafuatiwa na mzee anayeimba kuhusu mbwa wake, kisha bendi iliyopanda hadi namba 27 ikashuka na haikuonekana tena duniani. Hao wa namba 27 ndio wanaonimaliza. Wamenunua mavazi, wamejitengeneza nywele, wanacheka na kamera kwa sababu wanaamini maisha yao yamebadilika jioni ile. Na mimi niliyekaa hapa najua hayakubadilika.

#5 Kigoda

Binti Kaseti umepiga mule mule. Mzee anayeimba kuhusu mbwa wake nimecheka, halafu nikaacha kucheka.

#6 Fundi Picha

Naomba niwatoe kidogo kwenye hisia niwapeleke kwenye mashine, maana naamini jibu limo humo.

Sinema hunasa picha 24 kwa sekunde. Video ya studio za Ulaya miaka ile ilinasa nusu-picha 50 kwa sekunde. Tofauti hiyo macho yanaiona hata kama mtu hawezi kuitaja. Sinema inakuambia "hii ni hadithi". Video ya studio inateleza kama mtu aliyesimama mbele yako, inakuambia "hili linatokea sasa". Ndiyo maana mleta mada amejisikia kama yuko mle ndani. Ubongo wake umedanganywa kwamba ni jioni ya leo.

Ushahidi: tafuta kipindi kilekile kilichopakiwa na mtu asiyejua, akakikata hadi picha 25. Utelezi unakufa na hisia inakufa nao. Tazama pia sahani za dramu. Kamera za mirija za wakati ule, taa kali ikigonga chuma, zinaacha mkia wa mwanga unaoburuzika kwenye skrini. Kamera za leo hazifanyi hivyo. Macho yakiona mkia ule yanajua mara moja ni zama gani.

#7 Binti Kaseti

Fundi, wewe hata ukipewa barua ya mapenzi utaanza kupima unene wa karatasi 😄

#8 Fundi Picha

Unene wa karatasi ndio ulioifanya barua ifike, dada.

#9 Msafiri wa Mawimbi

Uzi mzuri sana. Niongeze historia kidogo: Top of the Pops ilianza London Januari 1964, na BBC wamehifadhi vipindi vyote tangu cha kwanza. Kwa hiyo wenye kiu subirini, watarusha vya akina Beatles pia.

#10 Mhifadhi

Msafiri, bila ugomvi, hapo umekosea mara mbili.

Tarehe 1 Januari 1964 ni sahihi, lakini haikuwa London. Ilikuwa Manchester, barabara ya Dickenson, kwenye jengo lililokuwa kanisa likageuzwa studio. London walihamia baadaye.

La pili linauma zaidi. Vipindi vingi vya miaka ya 1960 na sehemu kubwa ya mwanzo wa 1970 havipo. Vilifutwa. Kanda za video za wakati ule zilikuwa na upana wa inchi 2, nzito, ghali mno, na uzuri wake kibiashara ni kwamba ukishamaliza unafuta unarekodi kitu kingine. Deki za nyumbani zilikuwa bado, hakuna aliyewaza kwamba mtu atataka kununua kipindi cha wiki iliyopita. Tena mikataba na vyama vya wanamuziki na waigizaji iliweka mipaka ya kurudia vipindi. Kitu usichoruhusiwa kukirudia, ukakihifadhi cha nini? Ndivyo walivyofikiri.

Beatles walitokea studioni kwa Top of the Pops mara moja, Juni 1966. BBC hawakubaki na kanda. Mwaka 2019 zikatokea sekunde 11, bila sauti, kwa sababu mtazamaji mmoja wa Liverpool aliinua kamera yake ndogo ya milimita 8 akaielekeza kwenye runinga ya nyumbani. Sekunde 11!

Kuna na David Bowie, Januari 1973, akiimba "The Jean Genie". Ilihesabiwa imepotea kwa karibu miaka 40. Kumbe mpiga picha aliyekuwa kazini siku ile, John Henshall, alijitengenezea nakala yake na kuitunza. Ikarushwa tena Desemba 2011.

Ndiyo maana marudio ya BBC Four yalipoanza Aprili 2011 hayakuanzia 1964. Yalianzia Aprili 1976, miaka 35 kamili nyuma, wiki kwa wiki. Kuanzia hapo kanda karibu zote zipo.

Nadharia yangu basi: tunachokiona kwenye marudio ni kilichonusurika, na tunalia kwa sababu tunajua kilichoungua.

#11 Msafiri wa Mawimbi

Nimesahihishwa, asante Mhifadhi. Zile sekunde 11 nimezitafuta, nimezitazama mara kumi. Skrini inatikisika, unaona kabisa mkono wa mtu umechoka kushika kamera.

#12 Deki ya Kushoto

Mhifadhi umenitonesha kidonda. Mimi miaka ya tisini nilikuwa na kanda moja ya saa tatu, nimerekodi vipande vya vipindi vya muziki kwa miezi minane. Kila kipande nilikivizia: kidole kwenye kitufe cha kurekodi, mtangazaji akianza kutaja jina nabonyeza, mara nyingine nachelewa nakosa mistari miwili ya mwanzo. Ubavuni nilibandika karatasi, nikaandika kwa kalamu nyekundu USIFUTE.

Kaka yangu akarekodi mechi ya mpira juu yake. Mwanzo wa kanda hadi mwisho.

Yeye anasema hakuiona ile karatasi. Kilichobaki ni sekunde kama 20 mwishoni kabisa, baada ya filimbi ya mwisho: chenga kidogo, halafu mwanamke anamalizia kiitikio, halafu anainamisha kichwa kushukuru. Jina lake sikuwahi kulijua maana lilitajwa mwanzoni. Nimemtafuta kwenye marudio yote niliyoweza kuyapata. Bado namtafuta.

#13 Kigoda

Deki, pole sana. Andika unachokumbuka kwenye kiitikio, humu kuna vichwa.

#14 Treni ya Jumamosi

Naona mnazungumzia Waingereza tu. Naomba Soul Train, kile kipindi cha muziki na dansi cha Wamarekani weusi, iheshimiwe katika uzi huu. Mtangazaji wake Don Cornelius, sauti nzito kama inatoka kisimani, suti imekaa. Los Angeles, 1971. Wanenguaji wenyewe walikuwa mastaa kuliko waimbaji. Ile safu mbili zikipangana uso kwa uso, wawili wawili wanapita katikati wanaonyesha walichonacho, hakuna kipindi kingine kilichonifanya nisimame kutoka kwenye kochi.

#15 Mhifadhi

Treni, heshima yote, ila ilizaliwa Chicago. Agosti 1970, kituo cha WCIU, mambo ya mkoani kabisa. Oktoba 1971 ndipo ikaanza kusambazwa kwenye miji mingine na shughuli ikahamia Los Angeles.

#16 Treni ya Jumamosi

Sawa, Chicago. Lakini hoja yangu inabaki palepale. Tazama marudio ya Soul Train na matangazo yake ya biashara, yale ya mafuta ya nywele za afro. Kampuni ya Johnson Products ya Chicago, ya watu weusi wenyewe, ndiyo iliyodhamini. Watu weusi wanauziwa bidhaa na watu weusi, katikati ya kipindi cha watu weusi, wanaonekana wamependeza na wanajua wamependeza. Marudio mengine mtandaoni yanakata matangazo. Wakikata matangazo wamekata nusu ya kipindi. Mimi kinachonibana koo ni kuona watu wanaojipenda hadharani.

Na ule ubao wa herufi! Wawili wanapewa sekunde 60 wapange herufi zilizovurugwa hadi litokee jina la msanii. Mama yangu kila mara alilipata kabla yao, akawa anawapigia kelele kwenye skrini.

#17 Sauti ya Kweli

Samahani wakuu, nitaharibu sherehe. Mnalilia pleibeki. Asilimia kubwa ya vipindi hivi watu walikuwa wanafumbua midomo tu, gitaa halijachomekwa popote. American Bandstand ya Dick Clark kule Marekani, tangu ilipoenda kitaifa 1957, pleibeki. Soul Train, nyingi pleibeki. Mtu anayetaka muziki wenyewe atafute marudio ya The Midnight Special ya NBC, kule watu walipiga kweli, usiku wa Ijumaa, hadi 1981. Hapo utasikia mwimbaji anaishiwa pumzi, utasikia dramu inapishana na besi. Hicho ndicho cha kulilia.

#18 Mzee wa Chogo

Mwanangu Sauti ya Kweli, sisi pale bwenini tulijua ni pleibeki. Kila mtu alijua. Tulikuwa tunashindana nani atakuwa wa kwanza kumwona mpiga dramu akikosea mapigo.

#19 Mhifadhi

Pleibeki ya Top of the Pops nayo ina mikunjo yake. Mwaka 1966 chama cha wanamuziki kilibana, kikakataza kufuatisha santuri. Baadaye wakakubaliana: ama bendi iingie studio kuurekodi upya wimbo kwa ajili ya kipindi, ama isindikizwe na okestra ya kipindi iliyoongozwa na Johnny Pearson. Kwa hiyo marudio ya 1976 na 1977 mara nyingi yana toleo ambalo halipo kwenye santuri yoyote. Santuri Kuukuu, huenda hilo ndilo lililokushtua: wimbo unaujua, lakini tarumbeta zinaingia mahali usipozitarajia.

Chama hichohicho kiligoma mwaka 1980, kipindi kikakosekana wiki kadhaa.

#20 Mzee wa Chogo

Nakumbuka! Alhamisi tunakaa, kipindi hakuna. Tulikaa hivyohivyo tukitazama kilichowekwa badala yake, maana miguu ilishazoea kwenda sebuleni saa ile.

#21 Binti Kaseti

Kuhusu pleibeki ninalo moja. Mwaka 1988, bendi ya All About Eve, kipindi kinakwenda hewani mubashara. Wimbo wa taratibu, mwimbaji Julianne Regan amekaa kwenye kigoda, mpiga gitaa pembeni. Wimbo unaanza. Watazamaji nyumbani wanausikia. Wao pale jukwaani hawausikii, spika zao zimekufa. Basi amekaa, mdomo umefungwa, anasubiri aambiwe waanze, huku sauti yake mwenyewe inaimba juu ya kichwa chake nchi nzima inasikiliza. Anatazama pembeni. Gitaa linalia, mikono ya mpiga gitaa imetulia.

Ubeti mzima unapita hivyo kabla sauti haijawafikia. Wiki iliyofuata walirudishwa wakaimba vizuri. Lakini mimi narudia ile ya kwanza. Uso ule haukuwa na pleibeki.

#22 Sauti ya Kweli

Hiyo nimeitazama sasa hivi. Naondoa neno langu moja, siyo yote.

#23 Msafiri wa Mawimbi

Wengine waliiasi pleibeki waziwazi. Public Image Ltd kwenye American Bandstand mwaka 1980: John Lydon anaacha kujifanya anaimba, anaingia katikati ya watazamaji, anawavuta wapande jukwaani hadi bendi haionekani. Nirvana nao kwenye Top of the Pops 1991. Sauti ya mwimbaji ilitakiwa iwe ya kweli, ala zikawa za kanda. Kurt Cobain akaimba kwa sauti ya chini kabisa, nzito, kama mtu aliyemezwa na blanketi, na nyuzi za gitaa karibu hazigusi. Wakati ule watu walisema kaharibu. Kwenye marudio ndicho kipande kinachotafutwa.

#24 Blauzi na Viatu

Hakuna aliyewataja wanenguaji wa Top of the Pops? Video ya wimbo ilikuwa haijawa jambo la kawaida, MTV yenyewe ilianza Agosti 1981. Msanii akiwa Marekani hawezi kuja, nani ajaze dakika tatu? Pan's People, toka 1968 hadi 1976. Halafu Ruby Flipper miezi michache, halafu Legs & Co hadi 1981. Flick Colby ndiye aliyewatungia. Wimbo wa chati ukitoka, wana siku chache tu za kubuni, kushona mavazi na kukariri.

Mimi ni mshonaji, natazama mishono. Kuna vazi moja la Legs & Co, mkono wa kulia umeshonwa kwa haraka, uzi umeachwa unaning'inia, na mchezaji anajua, maana kila akigeuka anaubana kwa kidole gumba. Dakika tatu anacheza na kidole kimebana uzi. Ndicho nilichokibeba kwenye kipindi kile.

#25 Santuri Kuukuu (mleta mada)

Blauzi na Viatu, asante kwa hilo. Nimeanza kuelewa kwamba humu tunatazama pembeni ya picha, siyo katikati.

#26 Njia Nyeupe

Samahani kuleta zito. Baadhi ya vipindi vya marudio hayo BBC walivifungia. Vile vilivyoongozwa na Jimmy Savile havirushwi tangu Oktoba 2012, baada ya uhalifu wake dhidi ya watoto na vijana kuwekwa wazi. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha kwanza kabisa 1964. Mimi naona ni sawa vifungiwe. Waathirika wako hai, hawapaswi kukutana na sura ile sebuleni mwao saa moja jioni.

Ila tangu nijue hilo siwezi tena kutazama wale mabinti wa studio kwa moyo mwepesi. Kila mtangazaji anapoweka mkono begani mwa binti mwenye miaka 15, natazama uso wa binti. Wengine wanacheka. Wengine wamekaza mabega.

#27 Mhifadhi

Njia Nyeupe, nakubaliana nawe kuhusu runinga. Kumbukumbu zisifutwe tu. Zikifutwa, zile nyuso zilizokaza mabega nazo zinafutwa, na ndizo ushahidi.

#28 Treni ya Jumamosi

Kufungia sawa, kufuta hapana. Nakazia.

#29 Wa Juzi Tu

Wakubwa shikamooni. Nina miaka 19, nimeingia humu baada ya kuona jina la Soul Train. Mmesema kumbukumbu, mikia ya mwanga, kanda zilizofutwa. Mimi sina hata kimoja.

Ninachokiona ni mikono. Hakuna aliyeshika simu. Watu hawajui mikono waiweke wapi, wanaipiga makofi nje ya mapigo, wanaikunja, wanashikana na rafiki. Nikienda kwenye onyesho leo naona migongo ya simu, na mimi pia nimeinua yangu. Kwenye marudio naona nyuso. Nilimwambia rafiki yangu, akanijibu kuwa hao wametulia kwa sababu msimamizi wa studio anawasukuma kamera ipite. Nikatazama tena, kweli wanasukumwa, kamera kubwa kama kabati inawapasua katikati. Bado wakirudi mahali pao wanatazama jukwaa.

#30 Mzee wa Chogo

Marahaba mwanangu. Si wote waliotazama jukwaa. Wengi walitazama runinga za studio zilizoning'inia juu wajione wenyewe. Tazama vizuri, utaona vichwa vimeinuka. Hamu ya kujiona ni ya siku nyingi.

#31 Wa Juzi Tu

Daa. Nimetazama. Ni kweli. Ila wao walijiona mara moja, halafu basi.

#32 Deki ya Kushoto

Hapo ndipo nilipo mimi. Mara moja, halafu basi. Ukikosa umekosa. Ulikaa ukiwa umejiandaa, umekoga, umeshakula, kwa sababu kile kitu hakitarudi. Leo kila kitu kinarudi, kwa hiyo hatukai tukiwa tumejiandaa. Marudio yanatuuma kwa sababu yanaturudishia kitu kilichofanywa na watu waliojua hakitarudiwa.

#33 Fundi Picha

Deki, hiyo inagongana na ya Mhifadhi. Yeye anasema tunalia kwa kilichopotea, wewe unasema tunalia kwa kilichorudi.

#34 Msafiri wa Mawimbi

Neno lenyewe linalotumika kwa hisia hii huko Ulaya, nostalgia, lilitungwa 1688 na daktari wa Uswisi, Johannes Hofer, kama jina la ugonjwa. Watu walio mbali na kwao walikuwa wanakonda kwa kutamani nyumbani. Kwa hiyo mwanzo wake ni mahali, siyo wakati. Labda Santuri Kuukuu anatamani chumba kile, siyo mwaka ule. Chumba ambacho watu 100 wanajua wimbo mmoja.

#35 Binti Kaseti

Hofer alikuwa na wagonjwa waliokuwa na kwao. Narudia swali langu la #4: mleta mada kwao ni wapi katika 1976?

#36 Santuri Kuukuu (mleta mada)

Nimerudi. Leo mchana nilimwonyesha mama kile kipindi kwenye simu. Mama ana miaka 68. Sikumweleza chochote. Alitazama nyimbo tatu kimya, miwani ameishusha puani. Wimbo wa nne ulipoanza, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, mama akaanza. Ubeti wa kwanza wote. Lugha yenyewe haijui vizuri, maneno mengine aliyatamka kwa sauti tu bila maana, lakini yalikaa mahali pake. Sikuwahi kumsikia akiimba wimbo ule maishani mwangu. Nilipomuuliza aliujulia wapi akasema, "Ulikuwepo tu."

Sijui kama hilo ni jibu lako, Binti Kaseti.

Halafu alimwona yule binti wa blauzi ya njano. Akasema, "Huyu hapa anauimba vizuri kuliko mwenyewe."

#37 Binti Kaseti

Msalimie mama. Sina la kujibu kwa leo. Lakini sikiliza: nimetazama kipindi cha wiki mbili baada ya hicho chako. Dakika ya 19, upande wa kushoto, kuna binti. Nadhani ni yeye. Safari hii anacheza.

#38 Fundi Picha

Nimeitazama dakika hiyo. Blauzi ni nyeupe.

#39 Binti Kaseti

Taa ni ya buluu wimbo ule, Fundi, wewe ndiye wa kutuambia rangi zinavyobadilika. Tazama saa ya mkononi, mkanda mpana mweusi. Ni ileile.

#40 Mzee wa Chogo

Saa za mkanda mpana zilivaliwa na nusu ya vijana, hata mimi nilikuwa nayo. Na kola je? Ya kwanza ilikuwa na kola ndefu.

#41 Blauzi na Viatu

Kola ni ileile, imekunjiwa ndani. Naona mshono wake.

#42 Santuri Kuukuu (mleta mada)

Nimefika dakika ya 19. Subirini, kamera inampita haraka. Narudisha.

Narudisha tena.

Kiitikio kinaisha, anaacha kucheza, anaikunja mikono. Mama yuko hapa pembeni, anasema ni yeye.